Anga ikiwa wazi, nani huamua kama ndege ipite juu ya vita?

MamaTumu, Tanga (swali)

Ndugu zangu, nawasalimu nyote.

Mwezi uliopita nilisafiri usiku kutoka Nairobi kwenda London kumtembelea mwanangu anayesoma huko. Mimi si mtu wa kulala ndani ya ndege, kwa hiyo niliacha filamu zote nikabaki nikiitazama ile ramani iliyo kwenye kioo cha kiti cha mbele. Nilitarajia mshale wa ndege uelekee kaskazini moja kwa moja, upite Sudan Kusini, kisha Sudan, kisha Misri, kwa sababu ndivyo nilivyouona ukipita miaka kumi iliyopita. Safari hii ulipanda juu ya Ethiopia, ukakunja kulia mpaka Bahari Nyekundu, kisha ukayafuata maji kama mtu anayepita ukingoni mwa shamba la watu, na haukurudi kushoto mpaka tulipoifikia Misri. Nilimwuliza mhudumu sababu, akaniambia kwa upole kwamba hayo ni mambo ya njia tu, akaniongezea maji.

Vita vya Sudan ninavijua, kwa hiyo sababu ya kuzunguka ninaielewa. Kinachonitatiza ni nani hasa anayeamua. Je, ni nchi iliyo chini, ni serikali inakotoka ndege, ni shirika lenyewe, au ni rubani? Binamu yangu alisafiri juma lilelile kutoka Dubai kwenda Ulaya, akaniambia kwamba wao walipita juu ya Iraq, ilhali mwenzake aliyepanda ndege ya shirika jingine alizungushwa kupitia Saudi Arabia na Misri. Inakuwaje anga iwe salama kwa mmoja na hatari kwa mwingine siku hiyohiyo? Tena, ndege ya Malaysia ilipotunguliwa Ukraine mwaka 2014, tuliambiwa kwamba njia ile ilikuwa wazi kisheria. Kama ilikuwa wazi, aliyekosea ni nani?

MzeeWaRamani, Nairobi

Dada MamaTumu, karibu. Kabla ya kustaafu nilifanya kazi kwa miaka mingi katika chumba cha kupanga safari za ndege, chumba ambacho abiria hawakioni, kwa hiyo nitakujibu kwa jinsi mambo yanavyokuwa mezani.

Kisheria, anga ni ya nchi iliyo chini yake. Mkataba wa Chicago wa 1944, unaohusu usafiri wa anga wa kimataifa, unaanza na jambo hilo katika kifungu cha kwanza, na kifungu cha tisa kinairuhusu nchi kuifunga anga yake, yote au sehemu, kwa sababu za kijeshi au za usalama wa umma. Sudan iliifunga yake mara tu vita vilipozuka tarehe 15 Aprili 2023, siku ambayo Airbus A330 ya shirika la Saudia ilipigwa risasi ikiwa bado ardhini Khartoum, inajiandaa kuruka kwenda Riyadh. Baadaye kipande cha mashariki kilifunguliwa tena, lakini sehemu kubwa iliyobaki iliendelea kufungwa. Katika hali kama hiyo shirika halina la kuamua. Mlango umefungwa, basi unazunguka.

Kazi ngumu ni pale mlango unapoachwa wazi na ndani nyumba inaungua, na hapo ndipo ilipoingia ndege ya Malaysia, safari ya MH17 kutoka Amsterdam kwenda Kuala Lumpur. Ukraine haikuwa imeifunga anga ya mashariki yote. Tarehe 14 Julai 2014, siku ambayo ndege ya kijeshi aina ya An-26 ilitunguliwa huko, iliweka mpaka wa kwamba ndege za kiraia zisipite chini ya futi 32,000. Siku tatu baadaye MH17 ilikuwa katika futi 33,000 ikiwa na watu 298. Waongozaji wa ndege waliwauliza marubani kama wangeweza kupanda hadi futi 35,000, wakajibu kwamba hawawezi, jambo la kawaida kabisa kwa ndege ambayo bado ni nzito kwa mafuta ya safari ndefu. Baadaye kidogo wakaomba kusogea maili 20 upande wa kushoto ili kukwepa mawingu mabaya, wakaruhusiwa. Mimi nimeyasoma mazungumzo hayo mara nyingi, na kinachonisumbua ni kwamba hayana hata chembe ya wasiwasi, kwani ni maneno yaleyale tuliyokuwa tukiyasikia kila siku kazini. Kisha likaja kombora la Buk, silaha inayofika zaidi ya mara mbili ya kimo walichokuwa nacho. Mpaka wa futi 32,000 ungewakinga dhidi ya kombora la kubebwa begani, lakini kwa Buk haukuwa na maana yoyote.

Bodi ya Usalama ya Uholanzi, katika ripoti yake ya Oktoba 2015, ilisema kwamba Ukraine ilikuwa na sababu za kutosha za kuifunga anga ile na haikuifunga. Hata hivyo ripoti haikuishia hapo. Ilionyesha kwamba kati ya tarehe 14 na 17 Julai mashirika 61 ya nchi 32 yalipitisha ndege zao eneo lile, na kwamba siku ya tukio peke yake ndege za abiria 160 zilipita kabla anga haijafungwa. Maana yake ni kwamba wapangaji wa safari 61, watu kama mimi, walikaa mbele ya ramani ileile na wote wakachora mstari uleule. Kila mmoja alimtazama jirani yake akajiambia kwamba, kama wale wakubwa wanapita, basi pana usalama. Nami ninakiri kwamba kama ningekuwa mmoja wao siku ile, sidhani ningefanya tofauti.

Kuhusu aliyekosea, mahakama ya Uholanzi iliwatia hatiani watu watatu tarehe 17 Novemba 2022 bila wao wenyewe kuwapo, na Mei 2025 Baraza la ICAO, shirika la Umoja wa Mataifa la usafiri wa anga, liliamua kwamba Urusi ilikiuka wajibu wake chini ya Mkataba wa Chicago. Aliyefyatua ni mmoja na aliyeuacha mlango wazi ni mwingine, na mimi huwa sipendi kuyachanganya makosa hayo mawili.

Tangu wakati huo kazi imebadilika. ICAO ilitoa mwongozo wa kutathmini hatari za kuruka juu ya maeneo ya vita au karibu nayo, Shirika la Usalama wa Anga la Umoja wa Ulaya, EASA, hutoa taarifa zake kuhusu maeneo hayo, nayo mamlaka ya Marekani, FAA, huyazuia mashirika ya nchi yake kabisa au huyawekea kimo. Kwa Somalia, kwa mfano, ndege za Marekani zilikatazwa kuruka chini ya futi 26,000. Lakini katazo la Marekani halimfungi Mturuki, na taarifa ya Ulaya ni ushauri tu. Shirika linabaki na ramani, bima na dhamiri yake, na ndiyo maana binamu yako alipita Iraq huku mwenzake akizungushwa.

Nikueleze swali moja ambalo abiria hawalifikirii, lakini sisi lilikuwa linatunyima usingizi. Ukiambiwa kwamba juu ya futi 26,000 ni salama, unatakiwa kuuliza mara moja itakuwaje ikiwa ndege haiwezi kubaki juu. Presha ya hewa ikipotea ndani ya ndege, barakoa za oksijeni zikaanguka, rubani hana hiari: anashuka haraka hadi futi 10,000 hivi ili watu wapumue. Injini moja ikizimika, ndege inashuka polepole mpaka kimo inachoweza kukihimili. Kwa hiyo huipangi safari kwa kimo cha siku njema. Kwa kila kipande cha njia ninaandika uwanja nitakaokimbilia, kisha ninauliza ni nani anayeushikilia uwanja huo usiku wa leo. Kuna njia nilizozikataa ambazo angani hazikuwa na tatizo lolote. Tatizo lilikuwa kwamba kwa dakika arobaini nzima hapakuwa na mahali pa kutua ambapo ningethubutu kuwapeleka watu.

Changamwe_77, Mombasa

Shikamoo mzee. Maelezo yako ni mazuri, lakini naona umewaonea huruma sana wenzako. Kuzunguka ni mafuta, ni saa za marubani, ni ndege kuchelewa kurudi, na nchi iliyo chini inapokea ada kwa kila ndege inayopita angani mwake. Wote wawili wana sababu ya kuuacha mlango wazi, na asiye na sauti ni yule aliyelipa tiketi.

Sisi wa Mombasa hatuhitaji kwenda Ukraine kujifunza haya. Tarehe 28 Novemba 2002 makombora mawili ya kubebwa begani yalirushwa kuielekea Boeing 757 ya shirika la Arkia la Israeli ilipokuwa ikiruka kutoka uwanja wetu wa Moi ikiwa na abiria 261. Yalikosa, ndege ikafika Tel Aviv salama, lakini asubuhi ileile hoteli ya Paradise kule Kikambala ililipuliwa na watu wakafa. Kenya haikuwa eneo la vita kwenye ramani ya mtu yeyote siku ile. Sasa hao wapangaji wanatumia ramani ipi?

MzeeWaRamani, Nairobi

Marahaba. Kuhusu fedha sikatai, ingawa ripoti ya Uholanzi haikusema kwamba ada ndiyo iliyoizuia Ukraine kufunga, nami sitaisemea. Kuhusu Mombasa uko sahihi kabisa, na ndiyo sababu nilisema kwamba kimo hakitoshi. Kombora la begani ni tishio la uwanjani, wakati ndege inapopaa au kutua, na hilo linadhibitiwa na doria za polisi kuzunguka uwanja kuliko linavyodhibitiwa na mstari kwenye ramani. Ni aina mbili za hatari zinazohitaji watu wawili tofauti.

WakiliUpanga, Dar es Salaam

Naomba niongeze upande wa sheria na bima, kwa kuwa mara nyingi huko ndiko uamuzi halisi hufanyika, hata kama hakuna anayekubali kusema hivyo.

Bima ya kawaida ya ndege hailipi madhara ya vita. Hayo hukatiwa bima ya pembeni, na kampuni inayoitoa bima hiyo ina haki ya kuisitisha au kuibadilisha kwa taarifa ya muda mfupi, kwa kawaida siku saba. Baada ya mashambulizi ya Septemba 2001 kampuni za bima zilifanya hivyo kwa pamoja, na serikali nyingi zikalazimika kuingilia kati ili ndege ziendelee kuruka. Kwa hiyo mkurugenzi anaweza kuwa jasiri anavyotaka, lakini kampuni ya bima ikimwambia kwamba nchi fulani haimo tena katika mkataba, ndege itazunguka hata kama anga ni wazi na jua linawaka.

Upande wa pili ni fidia. Tanzania na Kenya zote zimo katika Mkataba wa Montreal wa 1999. Abiria akifa, shirika linawajibika hata kama halikukosea, mpaka kiwango ambacho tangu mwisho wa 2024 ni SDR 151,880, hicho kikiwa kipimo cha fedha cha IMF. Juu ya hapo shirika linaweza kukwepa endapo litathibitisha kwamba halikuzembea, au kwamba kosa lilikuwa la mtu mwingine peke yake. Zamani mtu angedhani kwamba aliyetunguliwa na jeshi la nchi anathibitisha hilo kwa urahisi. Ndipo ilipotokea kesi ya ndege ya Ukraine International, safari ya PS752.

Ndege hiyo ilitunguliwa asubuhi ya 8 Januari 2020 dakika chache baada ya kuruka kutoka Tehran, wakafa watu wote 176. Saa chache kabla, Iran ilikuwa imerusha makombora kuelekea kambi zenye majeshi ya Marekani nchini Iraq, na kikosi cha ulinzi wa anga kilikuwa kikisubiri majibu. FAA ilikuwa tayari imeyakataza mashirika ya Marekani kuingia anga ya Iran. Iran yenyewe haikuifunga, na ndege nyingine zilikuwa zimeondoka uwanja huohuo usiku ule bila kudhurika. Iran ilikana kwa siku tatu, kisha ikakiri kwamba ni makombora yake. Juni 2024 mahakama ya Ontario nchini Kanada iliamua kwamba shirika lilizembea kwa sababu halikufanya tathmini ya kutosha ya hatari kabla ya kuiruhusu ndege iondoke, hivyo haliwezi kujificha nyuma ya kile kiwango cha SDR 151,880. Rufaa ya shirika haikufaulu.

Nawaomba mwangalie uzito wa jambo hilo. Aliyefyatua anajulikana na amekiri, lakini mahakama bado ilimgeukia aliyeiruhusu ndege iruke, ikamwuliza alisoma nini usiku ule na alimwuliza nani. Kwa maoni yangu hukumu hiyo imefanya kazi kuliko miongozo mingi, kwa sababu kauli ya kwamba anga ilikuwa wazi na wengine walipita haitoshi tena kuwa utetezi.

MwanaManiema, Bujumbura

Ndugu zangu, nimesoma kwa makini, na mambo mnayosema ni ya kweli kwa ndege kubwa zinazopita juu. Ruhusuni nizungumzie wale wanaoishi pale chini, ambako ndege haipiti bali inatua.

Mimi ni mzaliwa wa Kindu, mji wa Maniema, mashariki mwa Kongo. Tarehe 10 Oktoba 1998 Boeing 727 ya shirika la taifa la Kongo ilitunguliwa kwa kombora ilipokuwa ikiondoka Kindu, wakafa watu 41. Waasi walidai kwamba ilikuwa ya kijeshi, upande wa serikali ukasema waliokuwamo ni raia, wakiwamo wanawake na watoto. Mji ulikuwa ukingoni kuanguka mikononi mwa waasi siku hizo, na kutoka Kindu kwenda Kinshasa hapakuwa na barabara ya kumfikisha mtu. Mwambieni mtu wa namna hiyo kwamba shirika lingepaswa kufanya tathmini ya hatari. Angewajibu kwamba tathmini ameshaifanya: kubaki ni hatari, kuruka ni hatari, na ndege ndiyo hiyo moja.

Kuna pia ile ya Bardale, Somalia, tarehe 4 Mei 2020. Ndege ndogo ya Kenya, Embraer 120, ilikuwa imebeba vifaa vya tiba wakati wa korona, ikatunguliwa na askari wa Ethiopia waliokuwa wakiulinda mji huo, wakafa wote sita waliokuwamo. Jeshi la Ethiopia lilieleza kwamba askari waliona ndege inakuja chini chini kwa namna wasiyoizoea, wakadhani ni ya kujitoa mhanga. Hakukuwa na uhasama wowote kati ya aliyefyatua na aliyekufa. Kulikuwa na askari mwoga, uwanja wa vumbi, na taarifa ya safari ambayo haikumfikia. Mzee alizungumzia silaha na kimo, mimi naongeza kwamba tuulize pia kama mwenye silaha ameambiwa kwamba kuna ndege inakuja.

Uwanja wa Goma ulifungwa Januari 2025 mji ulipotekwa na waasi wa M23, na watu wakarudi kwenye boti za Ziwa Kivu na barabara za milimani. Anga ikifungwa, aliye Nairobi anaongezewa saa moja ya kutazama filamu, lakini aliye Goma anakosa dawa.

MamaTumu, Tanga

Nawashukuru sana, na kaka wa Maniema nakupa pole kwa uliyoyapitia. Nimebaki na swali dogo tu. Mwanangu atakuja nyumbani Desemba kupitia Doha. Je, abiria wa kawaida anaweza kujua mapema ndege yake itapita wapi, au hayo ni siri ya ofisini?

MzeeWaRamani, Nairobi

Si siri, lakini hayawi tayari mapema. Taarifa za EASA ziko wazi kwa yeyote, na tovuti zinazofuatilia ndege zitakuonyesha njia ambayo safari yenye namba hiyohiyo imepita kwa siku kadhaa zilizotangulia. Ukiona shirika limepita mahali fulani siku saba mfululizo, kuna uwezekano mkubwa litapita hapo siku ya nane. Ila mpango wenyewe wa safari hukamilika saa chache tu kabla ya kuondoka, na unaweza kubadilika watu wakiwa tayari angani. Tarehe 23 Juni 2025 Qatar iliifunga anga yake jioni, muda mfupi kabla Iran haijarusha makombora kuelekea kambi ya Al Udeid yenye majeshi ya Marekani nchini humo, na makumi ya ndege zilizokuwa zikielekea Doha zikageuzia viwanja vingine. Hakuna abiria aliyepanda asubuhi ile ambaye angeweza kuyajua hayo, wala mpangaji wake. Alichoweza mpangaji ni kuhakikisha mapema kwamba ndani ya ndege kuna mafuta ya kufika mahali pengine, na hilo ndilo ningemwuliza kama ningekuwa wewe, ingawa najua mhudumu atakuongezea maji tena.

Kwa Desemba, mwanao akishakutumia namba ya safari, iweke hapa siku mbili tatu kabla. Nitaitazama njia yake nikuelezee ninachokiona.

MamaTumu, Tanga

Nitaiweka, mzee wangu. Nimefungua hiyo tovuti usiku huu kwa mara ya kwanza. Ndege ya Nairobi kwenda London iko juu ya Ethiopia sasa hivi, na imeanza kukunja kulia.